Miguu Haina Jina

Milango ya Mji Mkongwe imepigwa picha mpaka imechoka. Simama nusu saa penye mlango wowote wenye misumari ya shaba, utawaona wageni wakipokezana: huyu anausogelea, yule anarudi nyuma, wa tatu kapiga magoti, na mwenye nyumba amekwama ndani na kapu lake la sokoni anangoja wamalize. Qais, mwenye nyumba ndogo ya sanaa pale Sokomuhogo, alikula na kuvaa kwa milango hiyo. Ilijaa kutani kwake toka juu hadi chini, na mingine ilisubiri zamu stoo. Basi Maisara alipomletea picha za miguu ya wanawake, Qais alizitazama, akamtazama yeye, akazitazama tena.

"Miguu?"

"Miguu."

"Na nyuso ziko wapi?"

"Nyuso amana za watu," alijibu Maisara. "Miguu kila mtu anaiona njiani."

Maisara alikuwa mpiga picha wa upande wa wanawake. Asiyejua harusi za Unguja aambiwe: wanawake husherehekea peke yao, mabuibui yamevuliwa, nywele wazi, nguo za kumetameta, na mlangoni hukaa mama mkali mwenye kapu. Simu zote huingia kapuni. Kamera inayopita ni moja tu, ya mwanamke anayeaminiwa, na kwa miaka mingi mwanamke huyo alikuwa Maisara. Picha zake alizisafisha mwenyewe, akazikabidhi mkononi mwa mwenye harusi, na nyumbani kwake hakubakisha hata moja. Hapajatokea mume, shemeji wala jirani aliyeona uso kwa sababu yake. Kwa hilo alisifiwa mji mzima.

Lakini sifa nayo ina karaha yake. Watu walimwita Maisara wa Harusi, kama vile hajui kupiga kingine. Vitu vizuri kuliko vyote alivyowahi kuviona maishani mwake aliviona ukumbini mle, na hakuna hata kimoja alichoweza kumwonyesha mtu. Ilimuuma. Ndipo akapata shauri la miguu. Kwa misimu mitatu ya harusi, kila Ramadhani ilipokwisha na Mfunguo Mosi kuingia, alimaliza kwanza kazi aliyoitiwa, kisha akalala kifudifudi mkekani na kamera yake: miguu iliyochorwa hina na piko, miguu inayopiga chini kwa ngoma, miguu ya kina mama waliochoka wamenyoosha ukutani. Hakuiba. Alimwomba kila mmoja, na kila mmoja alimpa neno lile lile: "Miguu haina jina." Wakacheka, wakamnyooshea.

Picha iliyomlainisha Qais ilikuwa moja. Maisara aliipiga Vuga, nyumbani kwa Bi Dalal, siku anamwoza binti yake Faiza. Alikuwa ametoka nje kubadilisha betri. Ndani ngoma imechachamaa; huku uani, karibu na mlango wa jiko, mwanamke mtu mzima mwenye buibui na nikabu amevua makubadhi, anacheza peke yake juu ya vigae vilivyorowa maji. Hakuwa na hina. Vidole vimekomaa, na kimoja kimempanda mwenzake mgongoni. Visigino viliinuka kidogo tu, kwa woga, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Maisara alimdhania mmoja wa wapishi.

"Bibi, naomba nipige miguu yako."

Yule mwanamke alishtuka, akataka kukimbia.

"Miguu tu. Miguu haina jina."

Mwanamke alisimama akafikiri. Ngoma ikaongezwa huko ndani, na miguu ikaanza tena yenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Maisara aliinama hata nguo yake mpya ya harusi ikanywa maji machafu ya jikoni. Picha iliyotoka, Qais aliiweka mezani akaiinamia. Kisha akasema milango yake itapumzika mwezi mmoja, na kwamba picha ile itakaa ukuta wa mbele peke yake.

Ikawa. Siku ya kuamkia ufunguzi picha zote zilikuwa zimeshatundikwa. Mwanakhamis, mama yake Maisara, alipita akitokea Darajani na kapu lake, akaingia kuona mwanawe kashughulika na nini siku zote hizi. Qais akamtolea kiti. Mama hakukaa, alikwenda moja kwa moja kwenye picha ya kwanza.

"Mashaallah! Huyu Shemsa." Akaenda ya pili. "Huyu mtoto wa Kidawa, yule mdogo. Huyu Tahiya, tangu skuli hajapata kuvaa kiatu kinachomtosha, tazama alivyosugulika. Na huyu si Faiza mwenyewe?"

Maisara akamjia mbele. "Mama, umewajuaje?"

"Nimewajuaje vipi? Si wao hawa?" Mama alishangaa kweli kweli. "Wewe njiani unamjuaje mtu, na wote wana nikabu?"

Hapo ndipo Maisara alipotaka ardhi ipasuke. Asubuhi ile ile, pale Darajani, alikuwa amemwamkia Bi Kidawa aliyejifunika gubigubi, na alimjua kwa visigino vyake. Kila mwanamke wa mji huu hujua mwenziwe kwa miguu na mwendo, na yeye pia anajua. Ila akishika kamera huwa yumo ukumbini, nyuso ziko wazi, na jicho lake lilishazoea uso. Aliitoa ahadi yake kwa jicho la ukumbini, akasahau kuwa picha itatazamwa na jicho la njiani. Kosa kama hilo mgeni hawezi kulifanya; lilihitaji mtu wa hapa hapa.

Mama alikuwa keshafika ukuta wa mbele. Akaweka kapu chini.

"Bahiya," alisema polepole. "Bahiya wa Kidichi. Na vigae hivi vyeusi kwa vyeupe, vya uani kwa Dalal." Akamgeukia mwanawe. "Maisara, Bi Bahiya aliapa."

Mji mzima ulijua kama aliapa. Bi Bahiya na Bi Dalal walikuwa ndugu, baba mmoja mama mmoja. Mkubwa alibaki Kidichi kwenye kipande cha shamba kilichosalia cha wazee wao, mdogo aliolewa mjini. Mama yao alipougua, Dalal alimleta Vuga awe karibu na hospitali, na huko huko akafariki. Jua lilikuwa kali, wanaume wakaharakisha maziko kama sunna inavyotaka. Bi Bahiya alifika kutoka Kidichi akakuta jeneza lishatoka, na mama keshaoshwa na mikono mingine. Binti mkubwa, hakumwosha mama yake! Alisimama kizingitini mbele ya matanga yote akaapa kwa jina la Mungu kuwa hatatia tena mguu nyumba ile. Mwaka wa saba huu. Hata harusi ya Faiza, mtoto aliyemlea mgongoni, watu walisema hakwenda.

Na sasa ukutani mguu huu hapa.

"Teremsha," Maisara alimwambia Qais.

"Nini?"

"Picha. Iteremshe."

Qais alikuwa kijana mwungwana, lakini uungwana una mpaka. "Maisara, kesho tunafungua! Hii ndiyo maonyesho yenyewe, hizo nyengine wasindikizaji. Wageni watajua wapi miguu ya nani?"

"Wageni sikuwapa neno langu."

"Basi hata hao wenyeji, watafanya nini? Watasema siku mbili, watachoka."

"Watu wa hapa? Wachoke?" Mama alicheka peke yake, kisha akamshika mwanawe mkono. "Sikiliza. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Usijitie kati yao. Iteremshe, ifiche, na mimi sikuona kitu. Unanijua, nkiufunga mdomo huu haufunguki."

Maisara hakutaka kuificha. Angeificha kimya kimya, hakuna ambaye angejua, na jina lake lingebaki safi kama zamani. Lakini yeye mwenyewe angejua kwamba alimdanganya mwanamke aliyekuwa na hofu, na kwamba hakuwa na uso wa kwenda kumwambia. Hasira zilimpanda, hasira za kujichukia, na hasira hizo ndizo zilizompa nguvu. Alipita kwanza nyumba hadi nyumba kwa wenye miguu waliobaki, akawaambia wazi: nilikwambieni miguu haina jina, nimekosea, ina jina, na kesho mtajulikana, semeni. Shemsa alicheka akataka yake ikuzwe. Faiza alimwuliza mumewe, wakakubali. Bi Kidawa alimkemea nusu saa nzima juu ya adabu za watoto wa siku hizi, kisha akaruhusu ya bintiye ibaki. Mmoja tu alikataa, na picha yake ikatoka hapo hapo bila ya maneno.

Kisha akaifunga ile kubwa ndani ya khanga mbili, akaipakia mbele ya Vespa yake, magoti yakiishikilia, akashika njia ya Kidichi.

Bi Bahiya alikuwa jikoni amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Miguu ilikuwa imenyooshwa mbele yake, na kidole kile kimempanda mwenzake.

"Shikamoo, Bi Bahiya."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa nani?"

"Maisara, wa Bi Mwanakhamis. Ndimi niliyekupiga picha, uani."

Nazi ilisimama. Bi Bahiya alitazama mlangoni, akatazama khanga zilizofungwa. "Uani wapi?" alisema, lakini sauti haikumsaidia.

Maisara alikaa chini sakafuni. Hakuzungusha. "Nilikwambia miguu haina jina. Sikukusudia kukudanganya, ila nimekudanganya. Ilikuwa ukutani, kesho watu waione. Mama kaiona, kakujua hapo hapo. Nimekuletea. Ni yako, uichome, uiweke, upendavyo. Nakuomba radhi."

Bibi aliinuka kwenye mbuzi. Alifuta mikono yake, akafungua khanga. Maisara alingojea kutukanwa, na alikuwa tayari. Lakini Bi Bahiya aliitazama picha kwa muda, akaweka kidole juu ya kioo, pale palipopanda vidole.

"Hii miguu ya mama," alisema. "Mama alikuwa hivi hivi. Sisi wote wawili tumemrithi, mimi na Dalal. Alikuwa akituambia, mkipotea Unguja hii mtajuliwa kwa vidole." Akapangusa kioo kwa khanga. "Na mimi sikuiosha."

Machozi yalimtoka mama wa watu, na Maisara naye akalia, akaona haya kulia kwenye nyumba ya mtu asiyemjua. Walikaa hivyo mpaka kuku akaingia kudonoa nazi, Bi Bahiya akamfukuza.

"Nilikwenda," alisema baada ya kujifuta. "Mtoto yule nimemlea. Nikasema nitasimama nje nisikie ngoma tu. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Kiapo changu nimeshakitolea kafara, nimelisha masikini kumi wakashiba. Kwa Mungu nshamaliza. Kwa Dalal bado."

"Sasa umwambie, bibi."

"Nimwambie nini? Kuwa niliapa mbele za watu nikavunja kwa mlango wa jikoni? Usiitundike, mwanangu."

"Sitaitundika."

"Na watakuuliza."

"Wataniuliza, na sitasema."

Bi Bahiya alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Saa ngapi hayo maonyesho yenu?" aliuliza, kama mtu anayeuliza tu.

Maisara alirudi mjini magoti yakiwa matupu. Alimkuta Qais mlangoni na mlango mkononi: fremu kubwa, mlango wa zamani wa Malindi, umepigwa picha jua likizama. "Tutaziba na huu," alisema. "Msumari upo."

"Msumari utakaa hivyo hivyo."

"Ukuta mtupu, Maisara! Watu watadhani imeibiwa."

"Wadhani."

"Maonyesho ya kwanza ya maisha yako."

"Ndiyo maana." Akamnyang'anya mlango akaurudisha stoo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tena hakuishia hapo. Alisema kesho tangu laasiri mpaka magharibi ni saa za wanawake peke yao, na wanaume na wageni watafuata. Sakafuni itatandikwa mikeka, viatu vitabaki nje, simu zitaingia kapuni, na mlangoni atakaa mama yake. Picha zimetoka upande wa wanawake na zitaonwa kwanza kwa desturi za upande wa wanawake.

"Na mimi?" aliuliza Qais.

"Wewe una baraza ya jirani."

Kesho yake laasiri Qais alikaa barazani kwa watu, na kahawa yake, akiwaona wanawake wakiingia kwenye duka lake mwenyewe. Walikuja kwa makundi. Udi ulifuka, viatu vikajaa kizingitini, na Bi Mwanakhamis alikusanya simu kwa ukali ambao hata wanajeshi hawana. Kamera ya kwanza iliyoingia kapuni ilikuwa ya Maisara. Aliitia mwenyewe, watu waone. Ndani palikuwa na kelele na vicheko. Wanawake walikwenda picha hadi picha wakitajana, Shemsa akisimama chini ya miguu yake kama bibi harusi wa pili. Na kila mmoja, akifika ukuta wa mbele, alisimama kuutazama msumari mtupu.

Bi Dalal alikuja na Faiza. Alitazama miguu ya bintiye akatokwa na kigelegele, kisha akasimama penye ukuta ule.

"Na hapa palikuwa na nini?"

"Amana ya mtu, Bi Dalal," alijibu Maisara.

"Ya nani?"

"Ya mwenyewe."

Bi Dalal alikuwa mtu wa kujua mambo, na hakuzoea kujibiwa hivyo. Wanawake wakasogea. Maisara aliona macho yao yote yako kwake, na wengi kati yao ndio wanaomwita harusini. Alifumba mdomo wake. Akajua kuwa akisema neno moja tu sasa, hata la mzaha, litatosha, kwa sababu mji huu hauhitaji mawili.

Mlangoni sauti ya Bi Mwanakhamis ilikatika ghafla. Mwanamke mwenye buibui na nikabu alikuwa kizingitini. Hakuwa na simu ya kutoa. Alivua makubadhi yake akayapanga kando ya viatu vya wenziwe, akaingia juu ya mkeka taratibu, moja kwa moja hadi ukuta wa mbele, akasimama chini ya msumari. Hakufunua uso. Hapakuwa na haja.

Bi Dalal alikuwa ameinamisha macho. Alitazama vidole vile, akatazama juu kwenye ukuta mtupu, akatazama tena chini.

"Ulikuja," alisema.

"Nilikuja. Uani. Nilimchezea Faiza."

"Na mimi nilikuwa namwangalia kila anayeingia." Sauti ya Bi Dalal ilikuwa imepasuka. "Mlango wa mbele, usiku kucha. Na siku ile ya mama niliwaambia wanaume wakungoje. Niliwashika nguo, dada. Hawakunisikiliza."

Bi Bahiya alikuwa akilisikia kwa mara ya kwanza. Miaka saba hakuna aliyemwambia hilo, maana hakuna aliyeruhusiwa kumtajia jina la Dalal.

"Shikamoo, dada," alisema Bi Dalal.

Nikabu ilitikisika. "Marahaba." Kisha: "Picha iliyokuwa hapa nimeitundika kwangu, chumba alichokuwa akilala mama. Anayeitaka aje Kidichi."

"Nnakuja kesho."

"Njoo asubuhi. Uje na njaa."

Bi Mwanakhamis alipiga kigelegele cha kwanza, na chumba kizima kikamfuata, mpaka Qais kule barazani akainuka na kikombe chake asijue kumetokea nini. Maisara peke yake hakupiga. Alikuwa akitazama chini. Juu ya mkeka palikuwa na miguu minne, ya mkubwa na ya mdogo, na vidole vimepandana kwa namna moja. Alikwenda kwenye kapu la mama yake akatoa kamera, kisha akarudi akasimama mbele ya wale wawili, kamera imening'inia mkononi.

"Naomba nipige miguu yenu," alisema. "Ila safari hii nakwambieni kweli. Ina jina. Itatundikwa pale, na kila mtu atajua."

Bi Bahiya alifunua nikabu yake. "Mimi nshajulikana," alisema. "Muulize mwenzangu."

Bi Dalal alikuwa analia. Aliusogeza mguu wake ukagusana na wa dada yake, akautuliza hapo. Maisara akalala kifudifudi juu ya mkeka.